Umesoma nadharia za mawasiliano na bado unagombana na wageni? Fanya hivi, hatua kwa hatua

Naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu swali moja mara ishirini. Kijana kamaliza kozi ya utalii, Hall anamjua, Hofstede anamjua, wale wasomi wa tamaduni za watu, mtihani kapasua vizuri tu, alafu wiki ya kwanza kazini mgeni analia chumbani, mama mwenyeji kasusa, dereva kazima simu. Ananipigia, "kaka mbona nilisoma haya mambo?"

Ulisoma ndio, ila unayatumia kama muhuri. Unamwona Mjerumani unampiga muhuri "hawa wako hivi", basi umemaliza. Nadharia ni spana jamani, na huwezi kufungua kila nati na spana ya 13. Kwanza angalia nati.

Nimefanya kazi Moshi na Arusha miaka ya kutosha, kupanga mavoluntia kwenye familia na kupeleka wageni mlimani Kilimanjaro, na nilichoandika hapa ni kile ninachofanya mwenyewe, na mara nyingine nakosea, utaona.

## Mahitaji

- Tukio MOJA, lililotokea juzi au jana. Likiwa la mwezi uliopita limeshaongezwa chumvi.
- Daftari, hata lile la mtoto wa shule. Usiandike kwenye simu maana utaishia kuweka status.
- Dakika ishirini za kukaa peke yako.
- Mtu mmoja anayeujua upande wa pili kwa kuishi nao, sio kwa kuangalia muvi.
- Saa. Namaanisha saa ya mkononi, nitaeleza.

## Tukio la mfano

Mama mmoja wa Rau, hapa Moshi, mtu mzima, anapokea mavoluntia nyumbani kwake. Siku hiyo ananipigia saa tatu usiku: "Mwanangu, njoo umchukue huyu mtoto wako, hanitaki." Mtoto mwenyewe ni binti wa Kijerumani wa miaka kumi na tisa, ana siku tano tu nchini. Tutaenda naye mpaka mwisho.

## Hatua ya 1: Kata tukio liwe dogo

Mama alianza na "hawa watoto wa kizungu hawana adabu". Hapo huwezi kufanya chochote, huwezi kurekebisha Ulaya nzima kutokea Rau. Nikamwomba aniambie siku moja, saa moja, kitu kimoja. Tukapata: Jumatatu, chakula cha jioni.

Kwa nini: malalamiko makubwa hayana mlango wa kuingilia.

Ukifanikiwa: unaweza kulitaja tukio kwa sentensi moja na lina siku ndani yake.

## Hatua ya 2: Andika kilichoonekana tu

Hapa ndo wengi wanafeli, na ndo hatua yenyewe, zingine zote zinakaa juu yake. Kwenye mafunzo ya mambo haya wanafundisha kutenganisha vitu vitatu: kueleza ulichoona, kukitafsiri, alafu kukihukumu. Sisi tunaanzia cha tatu.

Mama aliniambia, "Alikataa chakula changu kwa dharau." Nikamwambia mama, tuseme kuna simu imewekwa pale juu ya kabati inarekodi, ingerekodi nini? Akanyamaza kidogo. Alafu tukaandika hivi:

Nimepika machalari, ndizi na nyama. Amekula nusu sahani. Nimemwongeza upawa mmoja. Amesema "no, thank you". Amekula tena kidogo. Nimemwongeza. Amesema "no, thank you" tena. Ameacha chakula, amesema asante, ameenda chumbani. Jumatano kaja na chipsi kwenye mfuko, kafunga mlango, kala huko huko.

Umeona neno dharau hapo? Halipo, kwa sababu kamera hairekodi dharau.

Angalizo: maneno kama "alinuna", "alijisikia", "kwa jeuri" yanajipenyeza. Yakate. Kama unataka kusema alinuna, andika uso ulikuwaje.

Ukifanikiwa: mtu wa upande wa pili akisomewa hayo maandishi atasema "ndiyo, ilikuwa hivyo" bila ubishi.

## Hatua ya 3: Tafsiri tatu, moja lazima imtoe mwenzako akiwa mtu mwema

Sio mbili. Mbili unaweka ile unayoiamini na ile ya kumridhisha mwalimu. Ya tatu ndo inakulazimisha ufikiri.

Kwa mama tuliandika: (1) ananiona mchafu, (2) tumbo linamsumbua, mgeni huyu ana siku tano tu, (3) kuna kitu kwenye huo upawa wenyewe, kuongezewa, kinachomsumbua. Mama hiyo ya tatu aliicheka kabisa. "Kuongezewa chakula kunamsumbua mtu?"

Ukicheka tafsiri, ichunguze hiyo kwanza.

## Hatua ya 4: Chagua spana

Sasa ndo nadharia zinaingia, na unachagua kwa dalili sio kwa jina la nchi.

### Ugomvi unahusu muda

Kabla hujataja nadharia yoyote, kagua saa. Niliwahi kupokea meseji ya wageni, "pick up at 2", nikamtumia dereva, "wageni saa 2". Dereva mtu wa watu, saa mbili asubuhi yuko getini kwa gesti kule Sakina, Arusha, gari imeoshwa. Wageni wamelala. Kagonga hodi, wametoka na hasira, kaondoka na hasira, na saa nane mchana wakati wageni wako getini na mabegi hakuna mtu. Kosa langu mia kwa mia na utamaduni haukuhusika, ni saa zetu na zao kupishana sita. Tangu siku hiyo naandika "saa 2 asubuhi, 08:00" na nambari zote mbili hazitoki.

Saa ikiwa sawa na ugomvi bado upo, hapo mchukue Edward Hall, Mmarekani aliyekuwa anafundisha maofisa wa ubalozi wao miaka ya 1950. Yeye aliona kuna watu muda wao ni foleni, kitu kimoja kikiisha kinaingia kingine, na kuna watu muda wao ni sebule, wote wameingia na wote wanahudumiwa. Nenda soko la Mbuyuni, Moshi, uangalie muuza viungo: anapima iliki ya huyu, anampa chenji yule, anamjibu shemeji yake anayepita. Mgeni aliyesimama mbele yake anaona karukwa. Hajarukwa, yumo sebuleni tayari.

### Mmoja anasema hukuniambia, mwingine anasema nilishamwambia

Huu ndo ugomvi wa kila siku. Hall tena, 1976: kuna mawasiliano ambayo ujumbe mwingi uko nje ya maneno, uko kwenye nani kasema, wapi, kwa sauti gani, na kuna ambayo ujumbe wote uko kwenye maneno. Muktadha wa juu na muktadha wa chini, ndo unavyosoma darasani.

Sasa sikiliza tunavyoongea. Ukiulizwa umeoa unajibu "bado" hata kama una miaka sitini na huna mpango. Mtu anatoka ofisini anaelekea mlangoni anasema "nakuja". Fundi anasema "nitajitahidi kesho" na sisi wote tunajua kesho hakuna kitu. "Tutaona" ni hapana iliyovaa shati. Mgeni anasikia maneno kama yalivyo, anakaa pale pale akingoja aliyesema anakuja.

Turudi Rau. Kwetu "hapana asante" ya kwanza ni adabu, sio jibu, mwenyeji mzuri anaongeza, mgeni anakataa kidogo, anaongezwa, anakula. Binti alisema hapana akimaanisha hapana. Mama alisikia "endelea kunibembeleza".

Usidhani hii ni ya wazungu peke yao. Namanga, mpakani na Kenya, ni masaa mawili kasoro kutoka Arusha, na kila siku kuna mhudumu wa mgahawa kanuna kwa sababu mteja kutoka Kenya kamwambia "nipe chai" badala ya "naomba chai". Lugha moja, na yule Mkenya wala hajui kosa lake, kwao hiyo ni sentensi ya kawaida.

### Mdogo hasemi mbele ya mkubwa

Hapa watu wanamkimbilia Hofstede. Alichambua madodoso ya wafanyakazi wa IBM wa miaka ya 1967 mpaka 1973, akatoa namba. Umbali wa madaraka, yani watu wanavyokubali kwamba bosi ni bosi, Afrika Mashariki ilipewa 64. Ubinafsi, kwa maana ya mtu kujitegemea, tulipewa 27 na Marekani 91.

Namba nzuri za mtihani, ila hiyo "Afrika Mashariki" yake ilichanganya Tanzania, Kenya, Ethiopia na Zambia kwenye sufuria moja, tena wafanyakazi wa kampuni moja. Ukiitumia kumweleza mpagazi wa Machame mwenye miaka ishirini na mbili unajidanganya. Mi naichukua kama swali tu: je huyu ananyamaza kwa sababu hajui, au kwa sababu kiongozi wake amesimama pale? Mgeni anamuuliza msaidizi wa kiongozi "bado mbali?", msaidizi anamtazama mkuu wake kwanza. Mgeni anaona kama anafichwa kitu.

Angalizo la mlimani, hili la kufa na kupona: mgeni naye anaficha. Kalipa hela nyingi, anataka kufika mita 5,895, ukimuuliza "uko sawa?" atasema sawa huku kichwa kinampasuka. Usimuulize swali la ndio na hapana. Muulize kichwa kinauma kiasi gani kutoka 0 mpaka 10, muulize usiku alilalaje, angalia amebakiza nini kwenye sahani, mwangalie anavyotembea.

### Kuna aibu ndani yake

Stella Ting-Toomey, msomi wa mawasiliano, kaandika sana kuanzia miaka ya 1980 kuhusu uso, yani ile heshima mtu anayoivaa mbele za watu, na kwamba wengine kwenye ugomvi wanalinda zaidi uso wao na wengine wanalinda pia wa mwenzao. Sisi tuna neno letu bora zaidi, kusitiri. Mgeni akimkosoa mpishi mbele ya wapagazi wote hajakosoa supu, kamvua nguo mtu. Ukiona dalili ni aibu, sheria ni moja tu: ongea pembeni.

### Umbali na lugha

Haya mawili nayapitia haraka. Hall alipima kwa Wamarekani: chini ya sentimita 45 ni ya watu wa karibu sana, mpaka mita 1.2 ni ya marafiki. Panda Hiace ya Marangu saa kumi na moja jioni uone hizo sentimita ziko wapi. Mgeni akirudi nyuma ukimsogelea, mwache, usimfuate.

Na Howard Giles, msomi wa lugha na watu, alionyesha kwamba watu wakipendana wanasogezeana namna ya kuongea. Sawa, ila usizidishe. Kijana anayeongea kwa lafudhi ya muvi "my friend my friend" anamkera mgeni kuliko yule anayeongea Kiingereza chake cha Kiboriloni.

Ukifanikiwa hatua hii: umechagua spana moja, mbili zikizidi sana, na umeandika dhana yako kwa neno "labda". Yangu ya Rau: labda "hapana" zao mbili hazilingani.

## Hatua ya 5: Nenda kaulize, na kila mtu muulize kwa njia yake

Dhana isiyoulizwa ni umbea tu.

Kwa binti nilitumia dakika tano. Nilikaa naye nje, nikamwambia nimeona hali ya chakula haiko vizuri, kwenu mtu akiongezewa chakula inamaanisha nini? Akaeleza mara moja, karibu alie. Kwao kafundishwa tangu mtoto kwamba kilichoko kwenye sahani kinamalizwa, kuacha ni kufuja. Kwa hiyo kila upawa ulikuwa deni. Anajitahidi kumaliza, sahani ikiwa nyeupe mama anaona hajashiba, anaongeza. Kadiri anavyokula ndo anavyopakiwa! Ndo akaamua kukwepa meza kabisa, chipsi chumbani, hakuna wa kuongeza.

Kwa mama nilitumia karibu saa nzima. Shikamoo, habari za nyumbani, yule ng'ombe ameshazaa, migomba vipi na hili jua, nikaletewa chai nikanywa yote na ya pili nikakubali, alafu ndo nikasema, "Mama, hivi enzi zenu mgeni akimaliza chakula chote mlikuwa mnaelewaje?" Akajibu mwenyewe, "Si bado ana njaa." Kimya. Alafu akasema "ee!" ile ya Kichaga ndefu. Nilikuwa sijamaliza hata kueleza ya binti.

Angalizo: usianze na "kwa nini". "Kwa nini uliacha chakula" ni mashtaka kwa lugha yoyote. Anza na "kwenu".

Angalizo lingine: usiwakutanishe mezani jioni hiyo hiyo ukadhani umefanya usuluhishi. Kila mtu apate usiku mmoja wa kulala na aibu yake.

Ukifanikiwa: umepata kitu ambacho hukukiandika kwenye daftari. Mimi lile la deni sikulijua.

## Hatua ya 6: Badilisha kitu kimoja kila upande

Kimoja. Usimpe mtu orodha.

Binti: ajipakulie mwenyewe kidogo, na akishiba aseme kwa Kiswahili "nimeshiba, chakula kitamu", mkono tumboni. Ule mkono ni muhimu kuliko maneno. Mama: aulize "nikuongeze?" mara moja tu.

Mama aliniambia mara moja haiwezekani, atafanya mbili. Nikakubali, binti akaambiwa ya pili ni mapenzi.

Ukifanikiwa: wanataniana. Sio kupatana, kupatana kunaigizwa. Wiki ya pili mama alikuwa anamwita binti "Nusu Sahani" mbele ya majirani na binti anaitika.

## Hatua ya 7: Ukiharibu, omba radhi kwa namna ya aliyeumia

Hapa kuna mtego wa lugha. Mgeni akijikwaa kwenye ngazi tunamwambia "sorry" tukimaanisha pole, anajibu "sio kosa lako" na tunabaki kushangaana. Mfundishe pole siku ya kwanza, litamsaidia kuliko shikamoo. Na wewe ukikosa kweli useme samahani na utaje kosa lenyewe, maana wageni wengi "sorry" bila kosa wanaiona tupu.

Kwa mzee wa hapa ni tofauti, unaweza kutaja kosa ukazidi kumwaibisha. Tuma mtu anayemheshimu, nenda na kitu mkononi. Wachaga wana jani la isale, ukipelekewa na mtu anayeomba msamaha kukataa ni jambo zito sana. Lakini usilitoe kama pambo la watalii eti mgeni kachelewa basi. Lina uzito wake, acha wenye nalo waamue.

## Hatua ya 8: Baada ya wiki, rudi kwenye daftari

Fungua ukurasa, soma dhana yako, weka vema au mkasi. Mikasi ndo inayokufundisha.

Wangu mkubwa ni wa mzee mmoja wa Ngaramtoni. Tulimpelekea karatasi ya makubaliano ya wageni kupita shambani kwake, vijana wake wamekaa hapo, kaishika, kaitazama, kairudisha mezani bila kusema kitu. Akasema "tutaona". Nikarudi nyumbani nikajaza kurasa mbili: uso, kusitiri, umbali wa madaraka, kumpa karatasi mbele ya vijana wake, muktadha wa juu, yani kila spana niliyonayo. Nikapanga mpaka mshenga wa kumtuma.

Mshenga kaenda, karudi baada ya nusu saa na karatasi imesainiwa. Mzee alikuwa hana miwani siku ile.

Zile kurasa sijazichana. Nimepiga mstari mmoja mrefu, pembeni nimeandika "miwani".